Trauma sio ile penalti, na kiwewe sio trauma

Juzi kwenye grupu la ukoo binamu yangu kaandika "hii penalti ya jana imenipa PTSD jamani", watu wakajaza emoji za kucheka, na mimi nilicheka sitaki kudanganya, ila kwenye grupu hilo hilo yumo anko wetu aliyepigana Kagera. Anko hakuandika kitu. Jioni shangazi naye akaleta habari za jirani aliyenusurika ajali, eti "yuko sawa tu, ana kiwewe kidogo, kitapita". Nikasema basi, leo naandika.

Maana kwa haraka. Trauma ni jeraha linaloachwa akilini na tukio lililokaribia kukuua au kukuvunja, au umeona likimpata mwenzio mbele ya macho yako. PTSD, kifupi cha post-traumatic stress disorder, ni pale jeraha hilo linapopitisha zaidi ya mwezi mmoja halijafunga: tukio linajirudia lenyewe mchana au ndotoni, mtu anakwepa chochote kinachomkumbusha, moyo unakufa ganzi au anajilaumu kwa kuwa hai, na mwili unakaa macho kama mlinzi aliyemaliza zamu asitokee wa kumpokea. Maisha ya kila siku yanaharibika. Ndo hivyo.

Sasa hili neno lenyewe. Trauma ni Kigiriki, na maana yake ni jeraha, kidonda cha kawaida kabisa, cha mkuki, cha kuangukiwa na jiwe. Madaktari wa upasuaji mpaka leo wanalitumia hivyo, wakisema mgonjwa wa trauma wanamaanisha kavunjika nyonga. Kwa hiyo trauma sio tukio, na sio kumbukumbu ya tukio, ni jeraha. Na kilicholihamisha kutoka kwenye mifupa kwenda akilini, watu wengi wanadhani ni vita, kumbe safari ilianzia kwenye treni! Miaka ya 1860 Uingereza treni zilikuwa zinagongana na kuacha reli, abiria wanatoka hawana hata mchubuko, halafu baada ya wiki kadhaa hawalali, wanatetemeka, kazi hawawezi, na kampuni za reli hazitaki kulipa fidia maana jeraha liko wapi? Daktari mmoja wa London, John Eric Erichsen, akatoa mihadhara 1866 akisema uti wa mgongo umetikisika kwa ndani. Kuhusu uti alikosea, ila kuhusu wagonjwa hakukosea, walikuwa wagonjwa kweli.

Charles Dickens, yule mwandishi, alikuwemo kwenye ajali ya namna hiyo Staplehurst tarehe 9 Juni 1865. Behewa lake lilibaki linaning'inia darajani. Akatoka, akachota maji mtoni kwa kofia yake akawanywesha majeruhi, halafu akarudi ndani ya lile behewa kuchukua karatasi za hadithi aliyokuwa anaiandika. Mtu mtulivu kabisa. Siku chache baadaye anaandika barua kuelezea yaliyotokea, mstari wa mwisho mwisho anasema anatetemeka, inabidi aache. Treni zikamtesa mpaka anakufa.

Hapo ndo nagombana na shangazi. Kiwewe ni cha papo hapo: nyoka kadondoka toka darini, kila mtu anakimbia hajui aelekee wapi, mwingine anafungua kabati badala ya mlango. Nyoka akiuawa kiwewe nacho kinaondoka, watu wanaanza kuchekana. Sasa kwenye ajali ya spidi hata hicho kiwewe mara nyingi hakipati nafasi, gari likiwa kwenye 100 linakata karibu mita 28 kwa sekunde, mpaka ujue uogope lishapinduka. Jirani yetu alitoka kwa dirishani, akampigia mkewe kwa sauti ya kawaida akamwambia msinisubiri kula, nitachelewa. Watu wakamsifu, jamaa ana roho ngumu. Wiki ya tatu amepewa lifti, dereva akawasha indiketa, tik tik tik, jamaa kashika dashibodi kwa mikono miwili jasho linamtoka, maana siku ile gari lilipotulia kila kitu kilikuwa kimya isipokuwa indiketa. Ukisema huyu ana kiwewe unamwambia daktari kwamba nyoka bado yupo ndani. Hayupo. Kilichobaki ni pale alipoumwa.

Kwa wanajeshi ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu jina lao lilikuwa woga. Vita vya Kwanza vya Dunia daktari Charles Myers aliandika 1915 kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu na uwezo wa kuona, ikadhaniwa ni mtikiso wa mizinga, baadaye ikaonekana kuna waliougua na mzinga haukuanguka hata karibu yao. Jeshi la Uingereza likawapiga risasi askari 306 wa Uingereza na Jumuiya ya Madola kwa utoro, woga na makosa mengine ya aina hiyo, baadhi yao leo tungewapeleka hospitali, msamaha umekuja 2006! Jina PTSD lenyewe ni la 1980, madaktari wa akili wa Marekani walipoliingiza kwenye kitabu chao cha magonjwa baada ya waliotoka Vietnam kupiga kelele miaka. Na walilitunga makusudi limbebe askari na dereva pamoja.

Anko mimi siwezi kumpima, si daktari. Ninachojua ni kwamba Kampala ilianguka Aprili 1979 na mpaka leo kwenye harusi anachagua kiti kinachotazama mlango, na mkesha wa mwaka mpya fataki zikianza anaingia chumbani anafungulia redio sauti ya mwisho. Nyumbani tunasema "jeshi lilimfanya mkali".

Kwa hiyo binamu, penalti imekukera, imekuuma, imekunyima usingizi usiku mmoja, yote hayo Kiswahili kinayo maneno yake, yatumie tu. Na shangazi, jirani mwezi umeshapita, mwambie mkewe wamuone daktari wa akili, na akipanda gari yenu zimeni muziki mumuulize kwanza akae mbele au nyuma.