Jaribio la haki: kiini cha mradi wa sayansi katika shule ya msingi

Jaribio la haki ni jaribio ambalo kitu kimoja tu hubadilishwa, na vingine vyote huachwa sawasawa, ili tofauti ikionekana ijulikane imetokana na nini. Mtoto wa Gredi ya 4 haoni ugumu hapo. Watoto wanaijua haki mapema sana: wakishindana mbio na mmoja akaanzia mbele, wenzake watapiga kelele kabla hajafika.

Naieleza dhana hii kwa sababu maonyesho ya sayansi yakikaribia, wazazi wengi huku kwetu Kisumu huanza kuulizana: tununue nini? Karatasi ya manila, gundi, rangi, betri, balbu. Pesa zinatoka, meza inapendeza, halafu mwamuzi anamwuliza mtoto, "Umejuaje?" na mtoto anamtazama mwalimu. Ningependa swali la kwanza nyumbani liwe: mtoto anataka kujua nini?

Chukua ule mlima wa volkano unaofinyangwa kwa udongo, ukatiwa magadi na siki, povu likafoka. Unavutia, na kwa mtoto wa Nakuru una maana ya pekee, kwa kuwa Menengai anayoitazama kila siku ni volkano halisi. Lakini hilo ni onyesho, si jaribio. Povu litatoka leo na mwakani, na kila aliyesimama pale anajua litatoka. Mtoto akiuliza kama siki iliyopashwa moto hufanya povu lipande juu kuliko siki baridi, hapo jaribio limezaliwa: magadi kijiko kile kile, siki kiasi kile kile, glasi ile ile, joto tu ndilo linalobadilika. Gharama ni ile ile ya mlima, na huenda ikapungua.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unapatikana jikoni. Karibu kila nyumba inaamini kuwa maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva haraka kuliko yasiyolowekwa. Je, ni kweli, na kwa muda gani? Mtoto anaweza kupika sufuria mbili na kuangalia saa. Lakini tazama ni mangapi yanaweza kuharibu haki hapo. Maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu ni magumu kuiva, kwa hiyo yakitoka magorogoro (makopo ya kupimia nafaka) mawili tofauti ya soko la Kibuye, huenda tofauti ni ya umri wala si ya kulowekwa. Jiko moja lina makaa mengi kuliko jingine. Sufuria moja imefunikwa, nyingine haikufunikwa. Mwisho wa siku mtoto ana namba mbili, na hajui ni ipi kati ya sababu nne iliyozileta.

Sasa mtoto anafanya hivi. Anachukua maharagwe ya aina moja kutoka gorogoro moja na kuhesabu punje 50 za kuloweka na 50 za kuacha kavu. Anahesabu, hapimi kwa uzito, na anahesabu kabla ya kuloweka, maana punje iliyokunywa maji ni nzito zaidi. Asubuhi anafunga kila kundi katika kifuko cha kitambaa chepesi, kimoja kimeshonwa uzi mwekundu, na vifuko vyote viwili vinaingia kwa wakati mmoja katika sufuria moja yenye maji yanayochemka. Moto mmoja, maji yale yale, kifuniko kimoja. Kilichobaki kuwa tofauti ni kulowekwa peke yake. Mtu mzima awe karibu na jiko muda wote, na yeye ndiye afunue sufuria.

Linabaki swali ambalo watu wazima hulipita bila kuliona: kuiva ni nini? Mmoja atasema yameiva, mwingine atasema bado. Mtoto aamue kabla moto haujawashwa na aandike: kila baada ya dakika 10 nitatoa punje 5 kutoka kila kifuko, nitaziacha zipoe, nitazibana kwa vidole viwili, kundi ambalo punje zote 5 zitapondeka ndilo lililoiva. Kanuni ikiandikwa mapema, hakuna atakayeisukuma baadaye ili jibu analolipenda lishinde. Vivyo hivyo kisio lake, yaani anachodhani kitatokea, liandikwe mwanzoni na lisifutwe hata likikosea. Kisio lililokosea si aibu mbele ya mwamuzi. Mtoto anayesema "nilidhani hivi, nikaona vile" amefanya sayansi.

Njia hii ni ya zamani. Mwaka wa 1747 daktari Mskoti James Lind, akiwa ndani ya meli ya kivita HMS Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 waliougua kiseyeye, ugonjwa wa kutokwa damu kwenye ufizi na kuishiwa nguvu. Aliwaweka mahali pamoja, akawapa chakula cha aina moja, kisha akawagawa wawili wawili. Kila jozi ilipewa kitu chake cha kuongeza: jozi moja siki, nyingine maji ya bahari, nyingine machungwa na malimau, na kadhalika. Waliokula machungwa na malimau ndio waliopata nafuu haraka. Kwa kuwa mengine yalikuwa sawa, alikuwa na sababu ya kuyataja matunda. Mtoto mwenye vifuko viwili vya maharagwe anafuata njia hiyo hiyo.

Jaribio moja halitoshi. Lirudiwe angalau mara tatu, na namba zote ziingie katika jedwali, hata ile inayoonekana kuchekesha. Nawasihi wazazi hapa: msizinyooshe namba. Mtoto akiona mzazi wake amebadilisha dakika 70 kuwa 60 ili jedwali lipendeze, amefundishwa jambo ambalo mwalimu atapata kazi kulifuta.

Hata mahali panaweza kuwa kitu kilichobadilika. Maji hayachemki kwa joto moja kila mji. Pwani huchemka karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Kisumu, ulio mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ni karibu 96. Nakuru, ulio juu zaidi, ni karibu 94. Kwa hiyo binamu wawili, mmoja Kisumu na mwingine Nakuru, wakipika maharagwe kutoka gorogoro moja wanaweza kupata muda tofauti bila yeyote kukosea. Wasilinganishe namba hizo kana kwamba zilitoka jiko moja.

Swali zuri pia ni lile ambalo mtoto ana kifaa cha kulipima. Maji ya visima vingi vya Nakuru yana floraidi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia, na mtoto wa huko anaweza kutamani kuichuja. Nia ni njema, lakini floraidi haionekani kwa macho, na bila kipimo cha maabara hatajua kama chujio lake limefanya kazi. Tope, kwa upande mwingine, linaonekana. Mtoto wa Kisumu achote ndoo moja ya maji ya mto yenye tope, ayakoroge, ayagawe katika chupa tatu zinazofanana: ya kwanza atie unga wa mbegu za mlonge, ya pili atie shabu (ile chumvi ya kutuliza tope la maji) kiasi hicho hicho, ya tatu asitie kitu. Zote akoroge kwa muda mmoja na aziache saa mbili. Kisha achore alama ya msalaba kwenye karatasi, aweke glasi ndefu juu yake, na amimine maji ya juu polepole mpaka msalaba upotee machoni. Kimo cha maji kwa sentimita ndicho kipimo chake. Ile chupa ya tatu isiachwe kamwe: tope hutulia lenyewe, na bila chupa hiyo mlonge utasifiwa kwa kazi iliyofanywa na kupita kwa saa tu. Na asinywe mtu yeyote, maana maji yaliyotakata bado yanaweza kuwa na vijidudu.

Kuhusu mkono wa mzazi: shika kisu, moto na nauli. Uliza "kingine gani kimebadilika?" kila mara, hata mtoto akichoka kukusikia. Maandishi ya kwenye manila yawe ya mwandiko wake, na daftari alilorowesha jikoni lilale mezani kando ya manila, kwa sababu waamuzi makini hulifungua.

Anzeni mapema kulingana na swali. Maharagwe yanahitaji Jumamosi tatu. Mradi wa kulinganisha mbolea kwenye miche ya sukuma wiki unahitaji wiki kadhaa na miche mingi kila upande, kwa sababu mche mmoja unaweza kudumaa kwa sababu zake wenyewe, na kuku nao wapo.