Ruzuku ya halmashauri nchini Australia: maana yake na njia inayopita

Nchini Australia, ruzuku ya halmashauri ni fedha ambazo serikali ya shirikisho iliyoko Canberra huzitoa kila mwaka ili kuzisaidia halmashauri za miji na za vijijini kuendesha huduma na kutunza barabara. Mpaka hapo hakuna geni. Karibu kila nchi ina utaratibu wa namna hiyo. Cha pekee ni kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo haiendi moja kwa moja. Inatoka hazina ya taifa, inaingia serikali ya jimbo, na jimbo linatakiwa kuifikisha kwa halmashauri bila kukata hata senti moja. Ukijua kwa nini zinazunguka hivyo, umeshajua nusu ya habari.

Katiba ya Australia ilianza kutumika Januari 1, 1901. Inatambua serikali ya shirikisho na majimbo sita, basi. Halmashauri hazimo. Si kwamba hazikuwepo wakati huo: Adelaide ilipata halmashauri yake ya kwanza 1840 na Sydney 1842. Walioandika katiba waliziona ni shughuli ya makoloni, na makoloni hayo ndiyo yaliyogeuka majimbo, wakaziacha huko huko. Hadi leo halmashauri huundwa kwa sheria ya bunge la jimbo, na bunge hilo hilo linaweza kuziunganisha au kuzifuta. Si nadharia tu. Katika miaka ya 1990 jimbo la Victoria lilikuwa na halmashauri 210. Serikali ya jimbo ikazipangua upya zikabaki 78, na madiwani waliokuwepo wakaenda nyumbani.

Sasa Canberra itampaje fedha mtu ambaye katiba haimjui? Njia iliyopatikana ni Kifungu cha 96 cha Katiba, kinachoruhusu Bunge la Shirikisho kulipa jimbo msaada wa fedha kwa masharti yoyote litakayoona yanafaa. Neno kubwa hapo ni masharti. Bunge linalipa jimbo, na sharti ni kwamba jimbo lizipeleke kwa halmashauri.

Kumekuwa na majaribio ya kunyoosha njia hii. Mwaka 1974 serikali ya waziri mkuu Gough Whitlam iliwauliza wananchi kwa kura ya maoni kama Canberra iruhusiwe kukopa kwa niaba ya halmashauri na kuzipa fedha moja kwa moja. Lilikubali jimbo moja tu, New South Wales. Mwaka 1988 wakaulizwa tena, safari hii kuhusu kuzitambua halmashauri ndani ya katiba, na pendekezo likaanguka katika majimbo yote sita. Waliosema ndiyo walikuwa kama theluthi moja. Kura ya tatu iliandaliwa ifanyike pamoja na uchaguzi mkuu wa 2013, lakini tarehe ya uchaguzi ikaletwa mbele na kura ya maoni ikafia njiani. Msomaji wa Kenya ataona tofauti haraka: Katiba ya 2010 inazitaja kaunti na kuziwekea sakafu ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Halmashauri ya Australia haina sakafu ya aina hiyo. Inachopata kinategemea sheria ya kawaida ya bunge, ambayo bunge lijalo linaweza kuibadilisha.

Kwani halmashauri hazina mapato yake? Zinayo, ila chanzo chake cha kodi ni kimoja tu: kodi ya viwanja na majengo, inayokadiriwa kwa thamani ya mali na kulipwa na mwenye mali. Zaidi ya hapo kuna ada na tozo, kama za maegesho, vibali vya ujenzi na uzoaji taka. Kodi kubwa ziko kwingine. Kodi ya mapato ilichukuliwa na Canberra mwaka 1942 wakati wa vita na haikurudi kwa majimbo. Kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 10, iliyoanza Julai 2000, hukusanywa na Canberra na kugawiwa majimbo. Kwa jumla, serikali ya shirikisho inakusanya kama asilimia 80 ya kodi zote za nchi, na halmashauri zote zikijumlishwa hazifiki hata asilimia 5. Hata hicho kidogo hakiko huru kila mahali. New South Wales imekuwa ikiweka kikomo cha ongezeko la kodi ya majengo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na Victoria ikafuata mwaka 2016. Mwenye nyumba anafurahia. Mhasibu wa halmashauri, ambaye bei ya lami na mishahara ya mafundi haimwekei kikomo, hafurahii.

Ruzuku kuu ilianza katika mwaka wa fedha wa 1974/75, chini ya Whitlam huyo huyo, na leo inaongozwa na sheria ya mwaka 1995. Kwa sasa inazidi dola bilioni 3 za Australia kwa mwaka, zikigawanywa kwa halmashauri zaidi ya 500. Ina mafungu mawili: fungu la matumizi ya jumla na fungu la barabara. Yote mawili hayana masharti ya matumizi, hata lile la barabara. Halmashauri ikiamua kuyaelekeza kwenye maktaba, bwawa la kuogelea au mshahara wa dereva wa greda, ni uamuzi wake. Hii ndiyo sifa inayowafanya madiwani waipende kuliko fedha nyingine yoyote kutoka Canberra.

Mgawanyo wake unafanyika mara mbili, na mantiki ya mara ya kwanza haifanani na ya pili. Kwanza fedha zinagawanywa kati ya majimbo. Fungu la jumla hufuata idadi ya watu peke yake: jimbo lenye theluthi ya watu linapata theluthi ya fungu. Fungu la barabara hufuata viwango vilivyorithiwa kutoka mipango ya zamani na ambavyo havijapangwa upya. Mimi naona hapa ndipo penye kasoro kubwa kuliko zote. Northern Territory, ambayo si moja ya yale majimbo sita lakini katika mgawanyo huu huhesabiwa kama jimbo, ina takriban asilimia moja ya watu wa Australia, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3, baadhi yao wakiishi katika vijiji vya Waaborijini vilivyo mbali na kila kitu. Kwa kanuni hii inapata takriban asilimia moja ya fungu la jumla, kana kwamba kupeleka huduma huko kunagharimu sawa na Melbourne. South Australia nayo ina sehemu kubwa zaidi ya barabara za nchi kuliko sehemu inayopewa ya fungu la barabara, hadi serikali ya shirikisho imekuwa ikiiongezea nyongeza ya pembeni, mara inatolewa, mara inasitishwa, mara inarudishwa.

Mgawanyo wa pili ni ndani ya jimbo, na hapa hali ni tofauti kabisa. Kila jimbo lina tume yake ya ruzuku. Tume hiyo inajiuliza maswali mawili kwa kila halmashauri: ingegharimu kiasi gani kutoa huduma za wastani mahali kama hapa, na halmashauri hii ingekusanya kiasi gani kama ingetoza kodi kwa kiwango cha wastani? Pengo kati ya majibu hayo mawili ndilo linaloamua nani apate zaidi. Kumbuka ni wastani, si hali halisi. Halmashauri inayotoza kodi ndogo ili kuwafurahisha wapiga kura haiongezewi kwa sababu hiyo, na iliyojibana ikakusanya zaidi haipunguziwi.

Ukitaka kuona kwa nini hesabu hii inahitajika, angalia jimbo la Western Australia. Tume ile ile moja inashughulikia East Pilbara, halmashauri yenye eneo kubwa kuliko nchi nzima ya Uganda lakini watu wake ni kama elfu kumi tu, na Peppermint Grove, kitongoji cha kitajiri cha mji wa Perth chenye ukubwa wa kama kilomita moja ya mraba. Ya kwanza ina barabara za vumbi zinazosombwa na mvua za kimbunga. Ya pili unaizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa.

Lakini kuna kifungu kinachozuia hesabu hiyo isifike mwisho wake. Sheria inasema kila halmashauri lazima ipate angalau kile ambacho ingepata kama asilimia 30 ya fungu la jumla la jimbo ingegawanywa kwa idadi ya watu. Kwa hiyo halmashauri za mijini zenye mali ya thamani kubwa, ambazo kwa kipimo cha uhitaji zisingestahili kitu, nazo zinapewa. Kwa halmashauri kubwa ya mjini kiasi hicho hakibadilishi sana bajeti. Kwa ndogo ya ndani kabisa, ruzuku ndiyo bajeti yenyewe. Zipo ambazo zikikosa hela ya Canberra na ya jimbo haziwezi kuwasha hata trekta. Kila tathmini inapofanyika hoja ya kuondoa kiwango hicho cha chini huibuka, na kila mara wenye kura nyingi mijini huwa hawaipendi.

Malalamiko ya halmashauri zenyewe yako mahali pengine: ukubwa wa kapu. Katikati ya miaka ya 1990 ruzuku hii ilikuwa kama asilimia moja ya mapato ya kodi ya serikali ya shirikisho. Leo iko karibu na nusu ya hapo. Sababu ni kwamba kapu huongezwa kwa kufuata idadi ya watu na mfumuko wa bei, huku mapato ya kodi ya Canberra yakikua haraka zaidi. Kisha bajeti ya 2014 ikasimamisha hata ongezeko hilo kwa miaka mitatu, na kilichopotea miaka ile hakikurudishwa. Kila mwaka uliofuata ulihesabiwa kuanzia kiwango kilichodumaa. Chama cha Serikali za Mitaa cha Australia, kilichoanzishwa 1947, kimefanya "rudisheni asilimia moja" kuwa dai lake la kudumu.

Kuna pia mchezo wa kalenda. Mara nyingi Canberra hulipa sehemu ya ruzuku ya mwaka ujao kabla mwaka uliopo haujafungwa. Ile ya 2023/24 ililipwa yote Juni 2023. Fedha kufika mapema si vibaya, lakini vitabu vya hesabu vinaonyesha halmashauri ina ziada nono mwaka huu na nakisi ya kutisha mwaka unaofuata, wakati kilichotokea ni tarehe ya malipo kusogea. Anayesoma taarifa za fedha za halmashauri ya Australia bila kujua hili atatoa hukumu isiyo ya haki.

Nje ya ruzuku kuu kuna fedha zenye masharti. Unaojulikana zaidi ni mpango wa kufufua barabara ulioanza 2001, ambao unalipa halmashauri moja kwa moja kwa kanuni maalumu, na mwishoni mwa 2023 serikali ilitangaza kuupandisha hatua kwa hatua kutoka dola milioni 500 hadi bilioni moja kwa mwaka. Kulipa moja kwa moja kumewaumiza vichwa wanasheria. Kesi mbili, ya Pape mwaka 2009 na ya Williams mwaka 2012, zilikwenda katika mahakama ya juu kabisa ya nchi, na hukumu zake zikabana uwezo wa Canberra kutumia fedha nje ya mambo ambayo katiba imeyataja. Zilihusu mambo mengine, bonasi ya kodi na makasisi wa shuleni, lakini kila mwanasheria wa halmashauri alizisoma kwa makini.

Halafu kuna fedha za kushindania: unaandika andiko, unaambatanisha michoro na makadirio, unasubiri. Hapa halmashauri yenye ofisi nzima ya waandishi wa maandiko inapambana na ile ambayo mkurugenzi wake ndiye mhandisi na ndiye anayejibu simu. Siasa nayo hupenya kirahisi. Mwanzoni mwa 2020 mkaguzi mkuu wa taifa alitoa ripoti kuhusu ruzuku za viwanja vya michezo, akionyesha kuwa ugawaji ulielemea majimbo ya uchaguzi yaliyokuwa yakilengwa na chama tawala. Waziri aliyehusika akajiuzulu mwezi uliofuata.

Majanga yana mfuko wao, unaochangiwa na shirikisho na majimbo kwa utaratibu ulioanza Novemba 2018. Baada ya mafuriko ya 2022 kaskazini mwa New South Wales, ambako mji wa Lismore ulizama, halmashauri za huko zilikumbana na lalamiko la siku nyingi: mfuko unalipa kurudisha daraja au kalvati kama ilivyokuwa, na kupata fedha ya kuijenga juu zaidi ili isisombwe tena ni vita vingine.

Na wakati fedha zinajadiliwa, majukumu yanaongezeka. Ripoti ya kamati ya bunge ya mwaka 2003 ilieleza jinsi serikali za juu zinavyosukumia halmashauri kazi bila fedha ya kuzifanya. Baadhi ya halmashauri za vijijini leo zinampa daktari nyumba na gari asihame, zinaendesha kiwanja cha ndege na kutunza wazee, mambo ambayo kodi ya majengo haikukusudiwa kuyabeba.

Kwa Mswahili aliyehamia huko, kwa mfano familia za Kikongo na Kirundi zilizopata makazi Toowoomba au Logan katika jimbo la Queensland, njia rahisi ya kuyaona haya yote ni kufungua bajeti ya halmashauri yake, ambayo kwa sheria ni ya wazi. Atafute mstari wa ruzuku ya matumizi ya jumla na ule wa ruzuku za miradi, aulinganishe na mapato ya kodi ya majengo, kisha aangalie tarehe ambayo ruzuku ilipokelewa kabla hajashtuka kuona nakisi.