Java Ikikataa Maktaba ya C, Soma Ujumbe Hadi Mwisho

Tuseme kijana wa programu hapa Moshi anaandika kwa Java mfumo wa kupimia kahawa ya wakulima kwenye chama cha msingi cha ushirika. Mizani imekuja na maktaba ya C, yaani faili la msimbo uliokwisha kutungwa ambao programu yake itauita. Msimbo unapita kwenye kompaila bila malalamiko, ila ukiwashwa unaanguka: UnsatisfiedLinkError. Wanafunzi wetu wengi wakifika hapo hukimbilia kusakinisha Java upya. Ni kazi bure. Jina hilo moja la kosa hubeba matatizo tofauti, na linalokuhusu limeandikwa baada ya nukta mbili zinazofuata jina hilo.

Ukikuta «no mizani in java.library.path», Java haijaliona faili. Angalia jina kwanza: System.loadLibrary("mizani") hutafuta libmizani.so kwenye Linux, mizani.dll kwenye Windows na libmizani.dylib kwenye Mac. Ukiandika "libmizani" ndani ya mabano, Linux itatafuta liblibmizani.so. Kisha taja folda kwa -Djava.library.path, ukiiweka kabla ya jina la klasi. Ikikaa baada yake, Java huipeleka kwa programu yako kama maneno ya kawaida.

Linalosumbua zaidi ni faili lipo, njia ni sahihi, na bado linakataliwa. Mara nyingi maktaba yako inategemea maktaba nyingine, labda ya kusoma mlango wa USB, na hiyo ndiyo haipo. Hapa java.library.path haikusaidii, kwa sababu maktaba hizo nyingine hutafutwa na mfumo wa kompyuta wenyewe: Linux hutumia LD_LIBRARY_PATH pamoja na folda zake za kawaida, Windows hutumia PATH. Kwenye Linux endesha ldd libmizani.so, amri inayoorodhesha maktaba zinazotegemewa; mstari wenye «not found» ndio mkosaji. Ukiona ELFCLASS32 kwenye ujumbe wa Java, maktaba ni ya biti 32 na Java yako ni ya biti 64. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hilo. Mwombe muuza mizani faili la biti 64, au endesha Java ya biti 32.

Kosa likisubiri mpaka metodi iitwe, na ujumbe ukaitaja metodi yenyewe, maktaba imeshapakiwa ila jina la funksheni halilingani. Metodi somaUzito ya klasi Mizani katika pakeji tz.ushirika hutafutwa kama Java_tz_ushirika_Mizani_somaUzito. Ukiipa metodi jina soma_uzito, mwisho wa jina hilo refu huwa soma_1uzito, na hapo ndipo wanaoandika kwa mkono faili la kichwa (header), lenye majina ya funksheni za C, huteleza. Mwachie javac -h aandike. Hakiki kwa nm -D, amri ya Linux inayoonyesha majina yaliyomo kwenye maktaba. Ukikuta jina limezungushiwa herufi za ajabu, umetumia kompaila ya C++ bila extern "C".

Java 22, iliyotoka Machi 2024, ilirasimisha njia mpya ya kuita C bila majina haya marefu. Kwa mradi mpya ningeanzia huko, ingawa nako maktaba ya biti 32 itakataliwa vilevile.