Kupakia Nakala Rudufu kwenye Mtandao Unaokatikakatika

Wenye mtandao wa polepole huniuliza mara nyingi wafanye nini ili usikatike wakati nakala zao rudufu zinapakiwa. Mimi huwajibu kwa swali jingine: ukikatika sasa hivi, utapoteza kazi ya muda gani? Katizo linalogharimu dakika moja halina madhara makubwa, ila linalogharimu saa nne linaweza kuizuia kazi isiishe kabisa.

Tuanze na hesabu, ambayo wengi huikosea kwa kuchanganya biti na baiti. Baiti moja ina biti 8, kwa hiyo kasi ya kupakia ya megabiti 2 kwa sekunde ni sawa na kilobaiti 250 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, gigabaiti 200 huhitaji sekunde 800,000, yaani siku 9 na saa 6 hivi za kupakia mfululizo. Nazungumzia kasi ya kupakia, si ya kupakua, ambayo ndiyo watoa huduma huitangaza kwa herufi kubwa.

Faili moja ya video yenye gigabaiti 4 itachukua karibu saa 4 na dakika 27. Niliwahi kuitwa kukagua kompyuta iliyokuwa "inapakia" kwa wiki tatu. Nilipofungua kumbukumbu za programu nikakuta jina la faili lile lile usiku baada ya usiku: asilimia 61, kisha sifuri, asilimia 67, kisha sifuri, asilimia 64, kisha sifuri. Ruta ilikuwa ikijizima na kuwaka tena kila baada ya saa tatu hivi, na kila mara programu ilitupa yote iliyokwisha kupakia. Haikuwa na hitilafu yoyote, ndivyo ilivyoundwa.

Kinachotakiwa ni programu inayohesabu kazi kwa vipande vidogo na kukumbuka vilivyokwisha fika. Kwa kawaida rsync, programu ya kunakili faili kati ya kompyuta, huifuta faili iliyofika nusu uhamishaji unapokatika. Ukiiwekea chaguo la --partial huibakiza, na ukiiendesha tena hulinganisha pande zote mbili na kutuma kilichopungua. Nayo restic, programu ya nakala rudufu, hukata data vipande vya kati ya kibibaiti 512 na mebibaiti 8 (vipimo vikubwa kidogo kuliko kilobaiti na megabaiti), kisha huvikusanya katika mafurushi ya takriban mebibaiti 16, ambayo kwa kasi tuliyoitaja hupita kwa dakika moja na sekunde chache kila moja. Ikikatika katika upakiaji wa kwanza nawe ukaiendesha upya, itasoma tena faili zote kwenye diski, na watu hushtuka kuona kipimo kikianzia sifuri. Lakini haitatuma tena vipande vilivyokwisha fika na kuorodheshwa. Kwa upande wake, Borg, programu nyingine ya nakala rudufu, huweka alama ya mahali ilipofika kila baada ya sekunde 1,800 usipobadilisha mpangilio huo, na kwa mtandao unaokatika kila baada ya dakika 20 ningeshusha hadi 300.

Vipande hivyo havitakusaidia sana iwapo unaibana folda nzima kuwa faili moja ya tar.gz kabla ya kuipakia, kosa ambalo nalikuta hata kwa mafundi wazoefu. Badiliko dogo karibu na mwanzo wa faili kama hiyo hugeuza karibu baiti zote zinazofuata, kwa hiyo kesho yake programu haitambui chochote na hupakia yote upya. Iachie programu faili zikiwa kama zilivyo, ibane yenyewe. Anza na nyaraka na hesabu, ambazo ni ndogo, video zifuate. Na iwapo anayekuhifadhia anapokea diski, mpelekee shehena ya kwanza kwa mkono.

Jambo jingine ni kasi. Njia ya kupakia ikijaa, hata kupakua huzorota, kwa sababu kila data inayopokelewa huhitaji uthibitisho mdogo unaorudi kwa njia hiyo hiyo. Mimi huiwekea programu kikomo cha asilimia 70 hadi 80 ya kasi halisi niliyoipima, na usiku huiachia zaidi. Usipofanya hivyo, mwenzako wa kwanza kuchoka ataizima programu, na makatizo ya namna hiyo nimeyakuta mengi kuliko ya ruta.

Baada ya katizo kuna usafi wa kufanya. Hifadhi zinazofuata utaratibu wa S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi faili mtandaoni, huweza kubaki na vipande vya upakiaji ambao haukukamilika, havionekani kwenye orodha ya faili lakini vinatozwa, kwa hiyo weka kanuni ya kuvifuta baada ya siku kadhaa. Restic nayo inaweza kuacha kufuli, yaani alama inayozuia kazi nyingine kuingilia hifadhi. Amri ya restic unlock huiondoa, ila hakikisha kwanza hakuna kazi nyingine inayoendelea. Kisha angalia tarehe ya nakala ya mwisho iliyokamilika, usiangalie asilimia, maana restic huiandika nakala kwenye orodha pale tu kazi yote inapokwisha.

Kompyuta ile ya wiki tatu ilipata nakala yake ya kwanza kamili siku 13 baada ya kubadilishiwa programu, huku ruta ikiendelea kujizima kama kawaida yake.