Somo la kwanza ni kuhusu Norwei yenyewe

Kila mwaka muhula wa vuli unapoanza, wanafunzi wa ustawi wa jamii huingia kwenye kozi yangu wakitegemea kupewa orodha. Wasomali hulea hivi, Wakongo hulea vile, kwa Waafghani mwanamume asimpe mkono mama mwenye nyumba. Wanataka kitu cha kutia mfukoni kabla ya kwenda fildi, na sababu naijua: baada ya miezi michache watakuwa wameketi sebuleni kwa watu wasiowajua, wakiiwakilisha Barnevernet, idara ya ulinzi wa watoto yenye uwezo wa kumwondoa mtoto nyumbani kwao. Mtu mwenye wasiwasi kiasi hicho, orodha humtuliza.

Siwapi.

Nafundisha Norwei, ambako shahada ya kwanza ya ustawi wa jamii huchukua miaka mitatu. Tangu mwaka 2017 ipo kanuni ya kitaifa inayovibana vyuo vyote vya afya na ustawi wa jamii: mhitimu awe na maarifa kuhusu usawa na ubaguzi, na ajue haki za Wasami wakiwa watu wa asili wa nchi hii. Kwa hiyo hakuna anayebishana tena kama tufundishe kufanya kazi na watu wa tamaduni tofauti. Ubishi uliobaki ni tufundisheje, na katika ubishi huo mimi nina upande. Mwanafunzi aliyekariri mila za watu namwogopa kuliko yule asiyejua kitu na anajua kwamba hajui. Huyu wa pili atauliza.

Ndiyo maana somo la kwanza linahusu Norwei yenyewe. Nawaambia wamweleze mtu wa Kigoma kwa nini mtoto mchanga analazwa nje kwenye kigari wakati wa baridi, tena walezi wa chekechea wakiona ni afya tupu. Kwa nini mtoto wa mwaka mmoja apelekwe chekechea kutwa (zaidi ya asilimia 90 ya watoto wa mwaka 1 hadi 5 wanakwenda). Kwa nini mtoto wa miaka minne aulizwe leo anataka kuvaa nini, na kwa nini afisa wa serikali azungumze naye faraghani, mzazi akisubiri mlangoni. Mwanzoni wanacheka. Kisha wanaanza kutafuta sababu, na wanakuta kwamba nyingi ya sababu zao zinaishia kwenye "ndivyo inavyofaa". Mama Mkongo akiwajibu maneno hayohayo, wao kwenye jalada huandika "utamaduni".

Baada ya kicheko naleta historia, na darasa linapoa. Kuanzia mwaka 1897 hadi 1986 palikuwa na shirika la kimisheni, Norsk misjon blant hjemløse, ambalo serikali ililiachia suala la Watater, jamii ya Waromani waliokuwa wakiishi kwa kuhamahama. Watoto wapatao 1,500 waliondolewa kwa wazazi wao. Wasami nao watoto wao walipelekwa shule za bweni na kufundishwa kwa Kinorwei, lugha ya nyumbani ikiachwa nje ya geti. Kuhusu Wasami, tume ya ukweli na maridhiano ilitoa ripoti yake mwaka 2023, na Novemba 2024 Bunge likaomba radhi. Waliotenda hayo walikuwa watu wenye nia njema na mafaili yaliyopangwa vizuri. Nataka mwanafunzi alijue hilo kabla hajaanza kushangaa kwa nini mama wa Kisomali akisikia jina Barnevernet anafunga mlango.

Kosa la upande wa pili husahauliwa zaidi, hasa na sisi walimu tunaopenda kuzungumzia tamaduni. Victoria Climbié alizaliwa Ivory Coast, akapelekwa Ulaya na shangazi wa baba yake aliyeahidi kumsomesha. Alifariki London Februari 2000 akiwa na umri wa miaka 8, mwili wake ukiwa na majeraha 128. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti Januari 2003, ulionyesha kwamba mtoto alikuwa akisimama wima mbele ya mwanamke yule kama askari kwenye gwaride, na afisa aliyekuwa na jukumu la kumlinda aliona ni heshima na utii wa kawaida katika familia za watu weusi wenye asili ya Karibi. Mtoto alikuwa Mwafrika wa Abidjan, hana uhusiano wowote na Karibi. Wazazi wake walipoulizwa, walisema wazi kwamba nyumbani kwao hakutakiwa kusimama namna ile. Waliulizwa akiwa ameshazikwa.

Hapa darasani huwa nanyamaza kidogo. Wanafunzi waliokuja wakiogopa kuitwa wabaguzi ndio hasa ninaotaka waielewe kesi hii: ile woga yao inaweza kumwacha mtoto mikononi mwa anayemuumiza. Norwei imepiga marufuku kumchapa mtoto tangu 1987, miaka minane baada ya Sweden iliyokuwa ya kwanza duniani, na marufuku hiyo haina kifungu cha msamaha kwa mtu kutoka mbali. Kinachobadilika ni namna ya kuzungumza na mzazi kuhusu jambo hilo, na unamkuta wapi.

Kesi ninayokaa nayo muda mrefu kuliko zote ni Abdi Ibrahim dhidi ya Norwei. Mama Msomali, mwenyewe bado kijana sana, alijifungua mtoto wa kiume nchini Kenya mwaka 2009 na kufika naye Norwei mwaka uliofuata. Mtoto aliondolewa kwake kabla hajatimiza mwaka. Mama aliomba apelekwe kwa ndugu, au angalau kwa familia ya Kisomali au ya Kiislamu. Haikupatikana, na mtoto akaingia kwenye malezi ya kambo kwa familia ya Kinorwei, Wakristo washiriki wa kanisa. Miaka ikapita. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikakubali familia hiyo imuasili, yaani awe mtoto wao kisheria. Wakati huo mama hakuwa akidai tena arudishiwe mtoto. Alitambua mtoto ameshazoea kule. Alichoomba ni kwamba kamba isikatwe, mtoto abaki akijua mama yake ni nani na dini yake ni ipi. Tarehe 10 Desemba 2021 majaji wa Chumba Kikuu cha Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, waliamua kwamba haki yake ya maisha ya familia, ikisomwa pamoja na uhuru wa dini, ilivunjwa.

Wanafunzi wengi huisoma hukumu hiyo haraka na kutoka na jibu kwamba mtoto wa Kiislamu asiwekwe kwa Wakristo. Mahakama haikusema hivyo. Ilikubali kwamba mamlaka zilijitahidi kutafuta familia inayofanana, na kwamba wajibu wao ni kujitahidi, si kuhakikisha inapatikana. Tatizo lilikuwa kuasilisha: kuikata kamba bila kuupa uzito wa kutosha upande wa mama. Ibara ya 20 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa nayo inataka mtoto aliyeondolewa nyumbani azingatiwe kabila, dini, utamaduni na lugha yake, na maneno hayo kila mwanafunzi anaweza kuyatamka kwa kichwa. Kwa hiyo nawapeleka chini zaidi. Nawapa karatasi tupu waandike mpango wa mwezi wa kwanza wa mtoto kama yule. Nani atampigia simu imamu? Sikukuu ya Idi mtoto atakuwa wapi, na atapelekwa na nani? Nyama ya nguruwe je? Atasikia Kisomali kwa mdomo wa nani, mara ngapi kwa wiki? Familia ya kambo itasaidiwaje ili isijione inatuhumiwa? Karatasi nyingi hurudi na sentensi moja: "Utamaduni wa mtoto utaheshimiwa." Nazirudisha.

Kuhusu zana: ipo mizani ya Milton Bennett, mtafiti wa mawasiliano kati ya tamaduni, ya mwaka 1986 yenye hatua sita, kutoka kukana tofauti hadi kuishi nazo. Naitaja, inafaa kuanzishia maongezi, basi. Ninayoitumia zaidi ni ya Margalit Cohen-Emerique, mwanasaikolojia mzaliwa wa Tunisia aliyefundisha maafisa ustawi wa jamii nchini Ufaransa kwa miaka mingi. Yeye huanzia kwenye mshtuko: tukio lililomkera au kumchanganya mfanyakazi. Kwanza unajitazama mwenyewe, umekerwa na nini na kipi ndani yako kimeguswa. Halafu unaitafuta dunia ya mwenzako, kwa kumuuliza. Mwisho mnajadiliana mpaka mpate pa kukutania.

Kisa ninachokitumia ni cha kutunga, ingawa haupiti mwaka bila mtu kusema kimemkuta. Mwanafunzi anaitembelea familia kutoka Kivu. Analetewa sahani ya wali na samaki. Anakataa kwa adabu, kwa sababu amefundishwa mtumishi wa umma hapokei zawadi. Mama anabadilika, anajibu kwa mkato, na ripoti inasema "hatoi ushirikiano". Tukianza hatua ya kwanza, wanafunzi hushangaa kugundua kwamba kilichowasumbua si sheria ya zawadi. Wanaogopa kudaiwa: ukila cha mtu utaandikaje vibaya juu yake? Hiyo ni hofu halali, na inafaa kusemwa. Hatua ya pili hawaruhusiwi kuniuliza mimi. Kwa sababu natoka Tanga wanadhani nina jibu la Waafrika wote, na hilo ndilo ninalopigana nalo. Vivyo hivyo siruhusu mwanafunzi mwenye wazazi Wasomali ageuzwe msemaji wa Wasomali; naye amekuja kusoma, analipa kodi ya chumba kama wengine. Hatua ya tatu hutoa majibu tofauti kila kundi. Wapo watakaokula vijiko viwili, wapo watakaoomba chai peke yake, wapo watakaoeleza mapema kwenye simu. Yote yanajadilika.

Nisisahau umaskini, maana hujificha nyuma ya utamaduni kwa urahisi mno. Kijana wa miaka 14 anarudi nyumbani usiku. Mwanafunzi anaandika kuhusu mila ya uangalizi wa pamoja wa watoto huko walikotoka. Namuuliza nyumba ina vyumba vingapi. Viwili, na watu ni saba. Basi tuanzie manispaa, kwenye dawati la nyumba, kabla hatujafika kwenye mila.

Mkalimani anastahili makala yake, lakini niseme la kuhusu Kiswahili kwa kuwa linatugusa. Sheria ya ukalimani iliyoanza kutumika Norwei Januari 2022 inakataza kutumia watoto kama wakalimani, na ni vyema. Ila ofisi ikiagiza "Kiswahili", inaweza kuletewa mtu wa Dar es Salaam kwa familia ya Fizi inayozungumza Kibembe nyumbani na Kiswahili cha Kongo sokoni. Mimi mwenyewe mazungumzo ya Bukavu yakishika kasi hunibidi nitege sikio. Mama ataitikia tu, ndiyo, ndiyo, kwa sababu ni aibu kusema hukuelewa mbele ya mgeni, tena mgeni wa serikali. Kwa hiyo dakika za mwanzo za igizo letu darasani hutumika kwa jambo moja: umejifunzia wapi Kiswahili, ungependa tuzungumze lugha gani, na mkalimani huyu mnaelewana? Wakati wote huo mwanafunzi amtazame mama, si mkalimani. Ni rahisi kuandika, ni kazi ngumu kufanya.

Mtihani wa mwisho ni mazungumzo hayo, kisha ukurasa mmoja wa jalada. Neno "utamaduni" linaruhusiwa, kwa sharti kwamba kila linapotokea pafuate nani kalisema jambo hilo, kwa maneno yapi, na aliulizwaje. Maafisa wanaowapokea wanafunzi wangu fildi hulalamika kwamba ripoti zao ni ndefu na maswali yao hayaishi. Ni kweli, na sina mpango wa kuwafupisha.