Kizazi Kilichoshuka Si Jino Bovu

Barua ya rufaa niliyoletewa na mgonjwa juma lililopita ni ya nne tangu mwaka huu uanze, na zote nne zinafanana kana kwamba zimeandikwa na mkono mmoja: kizazi, yaani mfuko wa uzazi, kimeshuka ukeni, kitolewe. Ya kwanza ya aina hii niliyoiweka kumbukumbuni ililetwa miaka miwili iliyopita na mama wa miaka 31, mwenye watoto wawili, ambaye alinikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne kabla hata ya kuketi. Ilitoka katika kituo kimoja cha afya cha hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambacho sitakitaja. Nilipomwuliza yeye mwenyewe anataka nini, alijibu bila kusita, "Dokta, munitoshee hii kizazi, nirudie kazi yangu." Kazi yake ilikuwa kupandisha mizigo kutoka ufukweni mwa ziwa hadi soko la Kadutu, mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, na mzigo wake wa kawaida ulikuwa mfuko wa unga wa kilo 50. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kama anataka mtoto mwingine. Alikuwa anamtaka.

Dhana: kizazi kikishuka, dawa yake ni kukitoa.

Kizazi chenyewe hakina kosa. Hukaa mahali pake kwa sababu kimebebwa kwa chini na misuli ya nyonga, ile ile inayobeba kibofu na njia ya haja kubwa, na kwa sababu kano zimekishika kutoka pembeni na nyuma. Sisi tuliosomea fani hii tulifundishwa kwa mfano wa meli bandarini, nami huwaeleza wagonjwa wangu kwa mtumbwi, kwa kuwa hakuna mama wa Bukavu asiyeujua. Mtumbwi uliofungwa ufukweni hubebwa na maji, na kamba hufanya kazi ndogo tu ya kuuzuia usichukuliwe na upepo. Maji yakipungua, uzito wote huziangukia kamba, nazo hurefuka siku baada ya siku hata zikatike. Maji ndiyo misuli, kamba ndizo kano, mtumbwi ndio kizazi. Ukiuondoa mtumbwi, maji hayarudi.

Kinachofuata ndicho kinachonitia uchungu zaidi, kwa sababu hunijia mimi baada ya mwaka mmoja au miwili. Mama ametolewa kizazi, lakini aliyemfanyia upasuaji hakuishikiza sehemu ya juu ya uke kwenye kano imara, wala hakukiangalia kibofu ambacho kilikuwa kimeshuka pamoja na kizazi. Sasa uke wenyewe unageuka nje kama soksi inayovuliwa, na kuurudisha ni kazi ngumu kuliko ile ya kwanza. Mama huyo huniuliza, na ana haki ya kuuliza, imekuwaje kitu kilichotolewa kikashuka tena. Hata penye vifaa vyote hali si nyepesi: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba kati ya wanawake waliofanyiwa upasuaji wa viungo vya nyonga vilivyoshuka, au wa kuvuja mkojo, karibu 29 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kufanyiwa upasuaji wa namna hiyo hapo kabla.

Kizazi kinaweza kushikizwa kikabaki. Nchini Uholanzi wanawake 208 waligawanywa kwa kura, wengine wakatolewa kizazi kupitia ukeni, wengine wakashikiziwa kizazi chao kwenye kano iliyo nyuma ya nyonga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba, baada ya mwaka mmoja, waliobaki na kizazi hawakuwa katika hali mbaya kuliko wenzao. Nepal nayo ina funzo lake. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 2008 kwamba kushuka kwa kizazi ni suala la haki za uzazi, na serikali ikapeleka kambi za upasuaji vijijini. Uamuzi ulikuwa mzuri, ila ukipima mafanikio kwa idadi ya vizazi vilivyotolewa, utamwacha mama yule yule na mzigo ule ule mgongoni, na binti yake nyuma yake.

Sisemi kwamba kizazi hakitolewi kamwe. Nami hukitoa, pale kinapokuwa na ugonjwa mwingine, au pale mama aliyekwisha kuzaa anapochagua hivyo baada ya kuelezwa yote, nikihakikisha kwamba sehemu ya juu ya uke imeshikizwa. Ninachokikataa ni kukiona kizazi kama jino bovu linalong'olewa ili maumivu yaishe, na kuandika neno "kitolewe" kabla ya kupima kimeshuka kwa kiasi gani, kabla ya kumwambia mama akohoe tuone, na kabla ya kumtajia pesari, ile pete ya kukizuia kizazi.

Juu ya pesari nitasema zaidi kidogo, maana wenzangu hunicheka kwamba nikipewa nafasi nitamtia pesari hata mwuguzi wa zamu. Ni pete laini ya silikoni, nyingi ninazotumia zikiwa na kipenyo cha kati ya milimita 65 na 80, ambayo hukunjwa, huingizwa ukeni, na hufunguka ndani ikakizuia kizazi kisishuke. Wazo lenyewe si geni: Wagiriki wa kale walitumia nusu ya komamanga lililolowekwa katika siki, na ninashukuru kwamba tumeendelea. Haihitaji ganzi wala kulazwa, na kwa mama wa Walungu au Idjwi ambaye safari moja ya kuja mjini inamgharimu mapato ya siku kadhaa, faida hiyo si ndogo. Wanawake huniambia kwamba pete itapotea tumboni. Haiwezi, kwa sababu juu ya uke pamefungwa, na tundu la mlango wa kizazi halipitishi pete. Huniambia pia kwamba mume ataisikia. Wengi hawaisikii, na mama anayejua kuitoa anaweza kuitoa jioni, akaiosha kwa sabuni na maji safi, akairudisha asubuhi. Hatari ya kweli ni kuisahau. Pete iliyoachwa ndani miaka mingi bila kuangaliwa huchubua uke na, kwa nadra, hutoboa; kwa hiyo asiyeweza kuitoa mwenyewe ninamtaka arudi kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na asiporudi namfuata kwa simu hadi anichoke.

Dhana: mazoezi ya misuli ya nyonga ni mambo ya wanawake wa Ulaya.

Misuli haina uraia. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliyaeleza mazoezi haya mwaka 1948, na tangu hapo yamepimwa vya kutosha kuonyesha kwamba hupunguza dalili kwa wanawake ambao kizazi chao hakijashuka sana. Mama hukaza kama anayezuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja, akihesabu polepole hadi nane, akiachia kwa muda ule ule, mara nane hadi kumi na mbili, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Asikaze matako, asizuie pumzi, wala asijizoeze kwa kukatisha mkojo kila anapokwenda chooni. Kizazi kilichokwisha kutoka nje chote hakitarudishwa kwa mazoezi, na anayemwahidi mama hivyo anamdanganya. Lakini kuna jambo moja ninalomfundisha kila mama, kizazi chake kiwe kimeshuka kwa kiasi chochote: kaza kwanza, ndipo unyanyue, kaza kwanza, ndipo ukohoe.

Najua ni rahisi kuandika kwenye karatasi kwamba mgonjwa asibebe vitu vizito. Mama anayelipwa kwa kila safari, ambaye jioni asipoleta pesa hakuna fufu wala sombe nyumbani, huipokea karatasi hiyo kwa heshima na kesho yake yuko njiani na mfuko. Kwa hiyo mimi huanza na majuma sita ya kwanza baada ya kujifungua, ambayo ndiyo ninayoyapigania kwa mume na mama mkwe, wakiwa wameketi mbele yangu. Baada ya hapo tunazungumza juu ya kupunguza mzigo, juu ya kuuacha ufuaji mzito kwa mwingine, na juu ya kutibu kikohozi na choo kigumu, kwa kuwa kujikamua chooni kila asubuhi kwa miaka kumi ni mzigo pia, ingawa haubebwi mgongoni.

Dhana: ni adhabu ya uzinzi, au ni laana.

Sina subira na hili. Hata watawa ambao hawajawahi kuzaa hupata ugonjwa huu.

Dhana: ni ugonjwa wa wazee waliozaa watoto kumi.

Umri na kukoma hedhi huchangia, na kila uzazi huongeza. Lakini uzazi wa kwanza kwa njia ya kawaida ndio unaoumiza misuli kuliko mwingine wowote, hasa uchungu ukiwa mrefu na mama akisukumwa asukume kabla mlango wa kizazi haujafunguka wote.

Dhana: kizazi kilichoshuka ni fistula.

Kwa kuwa mji wetu umejulikana kwa matibabu ya fistula, kila mama mwenye tatizo huko chini huitwa wa fistula. Mwenye fistula huvujwa na mkojo au kinyesi usiku na mchana kupitia tundu lililotoboka ukeni. Mwenye kizazi kilichoshuka huhisi uzito na uvimbe unaoshuka jioni na kupungua akilala, na mara nyingi shida yake ni kwamba mkojo hautoki wote anapokojoa.

Dhana: uvimbe unaotoka ni saratani, au majani na shabu vitaurudisha.

Kinachoonekana kwa kawaida ni mlango wa kizazi au ukuta wa uke. Kikiwa na kidonda, na hasa kikitoa damu, kichunguzwe, kwa maana msuguano wa nguo huleta vidonda na saratani nayo ipo. Majani, chumvi na shabu huunguza ngozi hiyo laini, huacha makovu, na nimewahi kupata uke ulioshikana kiasi kwamba pesari haikuingia tena.

Dhana: kufunga tumbo kwa kitenge hupandisha kizazi.

Kitenge kilichokazwa sana tumboni husukuma kuelekea chini, kama mkono unaominya mfuko wa unga katikati.

Dhana: mwenye kizazi kilichoshuka hashiki mimba.

Hushika. Yule mama wa barua iliyokunjwa mara nne alipewa pete ya milimita 70 na mazoezi, akahamia kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa rejareja, na mwaka jana alikuja kuangaliwa pete akiwa na ujauzito wa majuma tisa. Kizazi kinapokua hupanda kutoka nyonga na kuingia tumboni, na mara nyingi pete haihitajiki tena kwa muda. Tuliitoa mwezi wa tano wa mimba. Aliiosha mwenyewe kwa sabuni pale kwenye sinki langu, akaifunga katika kitambaa, akaitia mkobani, akasema ataihitaji akishajifungua.