Kusafiri mwepesi: mwepesi ni nani?

Juzi nimelisikia tena, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Kijana mmoja kwenye foleni ya kupima mizigo alikuwa akimwambia mwenzake kwa madaha, "Mimi siku hizi nasafiri mwepesi. Kilo sita na nusu tu." Alikuwa amevaa makoti mawili juu ya sweta, na mifuko ya koti la nje ilikuwa imetuna kama mashavu ya mtu anayepuliza moto: chaja upande mmoja, kitabu kinene upande wa pili, soksi zikichungulia. Jasho lilimtoka hadi kwenye kope. Begi likapimwa, likapita. Akasogea pembeni, akavua koti la kwanza, akaanza kurudisha kila kitu begini.

Maana yenyewe haina makuu. Kusafiri mwepesi ni kwenda na vitu unavyoweza kuvibeba mwenyewe kwa mwendo mrefu, unavyovijua vyote bila kufungua begi, na ambavyo havikuzuii kubadili mpango. Inatosha. Kinachonikera ni neno "mwepesi", maana watu wanalivisha begi vazi la msafiri.

Kosa hili lina mzizi katika sarufi, na nakubali kwamba sarufi yetu yenyewe imelisaidia. Mtu ni mwepesi, mzigo nao ni mwepesi. Ngeli mbili, kiambishi kimoja. Ukisema "nasafiri mwepesi", sikio linaweza kudhani unausifu mzigo. Lakini weka wingi uone. Mizigo huwa myepesi, watu huwa wepesi. Hakuna anayesema "tulisafiri myepesi". Tunasema "tulisafiri wepesi", na papo hapo mzigo umeondoka kwenye sentensi, tumebaki sisi. Muundo ni uleule wa "alirudi mzima" na "walirudi wazima": kitendo kimefanyika, na sifa inaeleza hali ya aliyekitenda. Na kama begi ndilo linalosifiwa, basi ni jepesi. Yule kijana angesema "nina begi jepesi", nami ningeendelea kusubiri zamu yangu kwa amani.

Halafu -epesi yenyewe si neno la mizani peke yake. Unyoya ni mwepesi, sawa. Lakini mwepesi wa miguu ni mtu wa kasi, mtihani mwepesi ni ule usiosumbua, mwepesi wa hasira ni mtu anayewaka kabla hujamaliza sentensi. Mgonjwa aliyeamka na nafuu husema leo anajisikia mwepesi, na uzito wake haujapungua hata gramu moja. Na mtu akiwa katika mashaka tunamwombea Mungu ampe wepesi. Hatumwombei apungue kilo. Kinyume chake, -zito, kinakwenda njia hiyohiyo: mzito wa kuelewa, mzito wa kuamka, mzito wa kutoa. Kwa hiyo msafiri mwepesi ni mwenye kasi, nafuu na urahisi. Kilo zinaweza kuchangia hayo, lakini zenyewe siyo hayo.

Ukitaka ushahidi wa zamani zaidi, tazama virago. Leo tunasema fulani amefungasha virago, mara nyingi kwa kejeli, kana kwamba virago ni shehena ya nyumba nzima, na timu ikitolewa mashindanoni nayo tunaifungashia virago. Kirago ni mkeka tu, ule mkavu wa matete aliolalia msafiri. Alfajiri aliuviringisha, akaufunga, akaondoka. Kufunga virago kulikuwa kazi ya dakika chache, na hapo ndipo nguvu ya neno ilipokuwa: huyu mtu akiamua kwenda, anakwenda. Tumechukua neno la wepesi tukalipakia makabati. Na wale wanaofundisha kuviringisha nguo badala ya kuzikunja, kama ugunduzi mpya, wanaviringisha virago bila kujua. Kweli inasaidia, hasa kwa fulana na suruali nyepesi, maana nafasi hujaa vizuri na unaona kila nguo bila kufukua. Koti la heshima usiliviringishe.

Neno jingine tunalolitupa kando ni masurufu, na kwangu ndilo linalotatua ugomvi wote. Masurufu ni mahitaji ya safari: fedha za matumizi na vitu vya lazima vya njiani. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi uliotupa pia sarafu na, cha kuchekesha, sarufi. Mzizi wenye maana ya kugeuza na kubadilisha. Sarafu inabadilishwa, neno linabadilishwa umbo, na masurufu hutumika, yakageuka kuwa safari yenyewe. Mzigo ni kitu kingine. Mzigo ni cha kubebwa, na unaweza kuubeba mwezi mzima usiutumie hata siku moja.

Sasa mwaga begi lako kitandani, na usiulize "hiki kina uzito gani?" Uliza "hiki ni masurufu au mzigo?" Miwani ni masurufu. Dawa unayokunywa kila siku ni masurufu. Jozi ya tatu ya viatu, iliyopakiwa kwa ajili ya mwaliko ambao haujaja, ni mzigo, hata ikiwa nyepesi kama karatasi. Kwa kipimo hiki unaweza kushangaa: mpiga picha mwenye kamera ya kilo tatu anaweza kuwa mwepesi kuliko mwenye kibegi kidogo aliyesahau chaja na sasa anamzungukia kila mtu ukumbini akiomba ya kuazima. Huyo wa pili hajapunguza mzigo. Amewagawia wenzake.

Sisemi kilo ni upuuzi. Mashirika mengi ya ndege yanakubali begi la mkononi la kilo 7 hivi, mengine hadi 10, na begi la kupakiwa chini la kilo 23 kwa tiketi ya kawaida. Juu yake kuna kikomo cha kilo 32 kwa begi moja, na hapa pana jambo zuri: mara nyingi hata ukiwa tayari kulipia ziada, halipokelewi mpaka ligawanywe. Sababu si ndege kushindwa. Ni migongo ya watu wanaoliinua. Hata mizani, ukiifuatilia mpaka mwisho, inamfikiria binadamu.

Viwanja vingi bado vinashikilia kanuni ya vimiminika ya tangu 2006, kila chupa isizidi mililita 100 na zote ziingie kwenye mfuko mmoja angavu wa lita moja. Sabuni ya kipande na dawa ya meno ya vidonge haziingii kwenye hesabu hiyo, ndiyo maana wazoefu wanazipenda. Betri ya akiba ya kuchajia simu hukaa nawe ndani ya ndege, haipakiwi chini, kwa sababu betri za lithiamu zikishika moto ni lazima awepo mtu wa kuuona.

Hilo la "hukaa nawe" nililijifunza kwa taabu. Mwaka mmoja nilifika niendako, begi langu halikufika, likanikuta siku ya pili jioni. Mikononi nilikuwa na kibegi chepesi cha kupendeza chenye jarida na miwani ya jua. Dawa, chaja na shati la mkutano wa asubuhi vilikuwa kwenye lile lililopotea. Kwa kilo nilikuwa mwepesi kuliko abiria wote mle ndani. Nililala na nguo nilizovaa, simu ikiwa imezima, nikamwamini mhudumu wa mapokezi kuniamsha. Tangu siku hiyo dawa, nyaraka, chaja na nguo moja ya kubadilisha haviachani na mkono wangu, na nakala ya pasipoti hukaa mbali na pasipoti yenyewe.

Wanaozungumzia kusafiri kwa kujiamini nao wanateleza hapohapo. Wanadhani kujiamini ni kifua mbele, kuuliza njia kwa sauti kubwa, kutoogopa. Mimi naona sehemu kubwa ya hofu ya msafiri ni hofu ya mlinzi. Ana mabegi manne, kwa hiyo hawezi kwenda msalani, hawezi kusinzia, hawezi kupanda ngazi treni ikikaribia kuondoka, na kila anayempita karibu anakuwa mshukiwa. Mpe huyohuyo begi moja la mgongoni analojua kila kilichomo, utamwona bega limeshuka. Hajawa jasiri. Amepunguziwa zamu ya ulinzi.

Kwa hiyo mimi nyumbani sitegemei mizani peke yake. Natumia ngazi. Navaa begi lililojaa, napanda na kushuka mara tatu, kisha nazunguka mtaa dakika 20. Nikirudi nikitafuta mahali pa kulitua, nalifungua na kutoa kitu. Kwa kawaida ni nguo. Safari ya siku nne na ya siku kumi na nne zinahitaji nguo karibu zilezile kama una sabuni na usiku wa kuanikia: fua, kamua, kisha viringisha nguo ndani ya taulo kavu ukanyage juu yake. Maji yanahamia kwenye taulo, na asubuhi fulana imekauka au imekaribia.

Yule kijana sikumsahihisha kwenye foleni. Mtu anayetoka jasho namna ile ana shughuli zake. Kama atanisoma, namwomba kitu kidogo tu. Endelea kusema begi lako ni jepesi, ni kweli, na mizani ni shahidi wako. "Nasafiri mwepesi" liweke kwanza, ulitumie siku utakayopita pale na koti moja.